Siti ya pikipiki inayouma safarini: rekebisha mteremko kabla ya kugusa sponji

Swali: Nina pikipiki ya safari yenye injini ya cc 650, na nikiwa njiani natembea kilomita 500 hadi 600 kwa siku. Ikipita saa moja na nusu makalio yanaanza kuuma na kuwaka, na msamba unakufa ganzi. Nimeweka mto wa jeli juu ya siti. Ulinipa nafuu mwanzoni tu, na bado kila mara najikuta nimeteleza hadi kwenye tangi. Nina kilo 88 na urefu wa sentimita 178. Mara nyingine nambeba mke wangu na mizigo. Je, nibadilishe sponji, ninunue siti mpya, au kuna jambo jingine?

Jibu: Ndugu msomaji, nusu ya jibu umeitaja mwenyewe: unateleza hadi kwenye tangi. Anayeteleza anaiacha sehemu pana ya siti iliyowekwa kumbeba na kwenda kukalia pua yake nyembamba. Hapo ile mifupa miwili ya kukalia haina pa kutua, uzito unahamia msambani, ambako mishipa ya fahamu na ya damu inabanwa, na ganzi inaanza. Kila ukijivuta kurudi nyuma ngozi inasuguana na nguo, na kuwaka kunakuja. Mto wa jeli haukuweza kuondoa lolote kati ya hayo kwa sababu umeongeza unene tu juu ya mteremko uleule. Kwa hiyo usinunue siti mpya bado, wala usikate sponji. Kazi ya kwanza ni kujua siti yako imeinama kiasi gani na kwa nini.

Soma maumivu kwanza

Mahali panapouma hutaja kasoro vizuri kuliko mtu yeyote atakayeikagua siti kwa macho. Maumivu ya nukta mbili, kushoto na kulia, yanayozidi kadiri saa zinavyopita, maana yake sponji imelala na umekalia bamba la plastiki lililo chini. Ganzi ya msamba inatokana na mteremko au na pua iliyotuna katikati. Kifandugu kikiuma, umekaa ukiwa umejikunja kiuno, mara nyingi kwa sababu siti ina bonde au usukani uko mbali. Maumivu ya ndani ya mapaja au ya nje ya nyonga husababishwa na siti iliyo pana mno mbele au yenye kingo kali. Ngozi kuwaka ni joto, jasho na mishono ya nguo.

Angalia pia saa. Maumivu yanayoanza ndani ya nusu saa kwa kawaida ni ya umbo la siti au mkao. Yanayosubiri saa mbili kwa kawaida ni ya sponji au joto. Wewe una mchanganyiko: ganzi ni ya mteremko, kuwaka ni kwa msuguano, na kwa kilo zako 88 yawezekana sponji ya kiwandani nayo imeshalala. Lakini mteremko ukibaki, hutajua kamwe kama sponji ni nzuri au mbaya.

Kupima mteremko

Kuipima siti ikiwa tupu haitoshi, kwa sababu pikipiki hukaa tofauti ukiipanda. Nyuma huzama zaidi kuliko mbele na siti hubadilika pembe. Fanya hivi: hakikisha upepo wa tairi uko sawa, simamisha pikipiki wima kwenye sakafu tambarare, kisha laza ubao mnyoofu wa sentimita 30 katikati ya siti, kuanzia pale unapokalia kwenda mbele. Weka juu yake simu yenye programu ya kupima pembe na uandike digrii. Halafu tafuta bomba lolote nyoofu la fremu, pima pembe yake pikipiki ikiwa tupu, kisha pima tena ukiwa umekaa na mavazi yako ya safari, miguu kwenye vikanyagio, mwenzako akishika usukani. Tofauti ya vipimo viwili vya bomba ndiyo kiasi ambacho siti nayo imebadilika. Itoe kwenye kipimo cha ubao.

Jibu likiwa kati ya digrii 0 na 2 za kuinama mbele, uko vizuri. Kuanzia 3 utateleza, hasa ukiwa na suruali ya kitambaa laini, na kila ukifunga breki utasogea zaidi.

Springi ya nyuma, mhusika anayesahaulika

Umesema humbeba mke wako na mizigo. Ikiwa uliongeza mkazo wa springi ya nyuma kwa ajili ya safari hizo na hukuurudisha, basi ukiwa peke yako mkia wa pikipiki unakaa juu na siti inainama mbele. Hili ni la kawaida sana, na kulirekebisha hakuna gharama zaidi ya spana ya kuzungusha kola ya shokapu au kitufe chake.

Kipimo ni rahisi. Inua tairi la nyuma lisiguse ardhi, pima kutoka kwenye ekseli hadi alama moja kwenye mkia iliyo juu yake moja kwa moja. Shusha pikipiki, panda ukiwa na mavazi yote, mwenzako apime tena umbali uleule. Tofauti iwe kati ya asilimia 30 na 35 ya mwendo wote wa tairi la nyuma, yaani umbali wote ambao shokapu inaliruhusu kupanda na kushuka, ambao umeandikwa kwenye kitabu cha pikipiki. Mwendo ukiwa milimita 170, unatafuta kuzama kwa milimita 51 hadi 60. Ukipata 35, springi imekazwa mno: umeinua mkia karibu milimita 20 zaidi ya unavyotakiwa, sawa na takriban digrii 0.8 za mteremko wa ziada, na juu ya hapo kila shimo linakupiga moja kwa moja kwenye uti wa mgongo. Legeza, pima tena. Ukilegeza mpaka mwisho na bado haizami, au ukikaza mpaka mwisho na bado inazama mno, springi yenyewe si ya uzito wako na inahitaji kubadilishwa.

Mkia ukishuka, mwanga wa taa ya mbele hupanda, kwa hiyo rekebisha taa kabla ya kutoka usiku. Usukani pia utakuwa mzito kidogo kwenye kona. Ukimbeba abiria, rudisha mkazo. Andika idadi ya mizunguko ya kila hali mahali usipoweza kuipoteza.

Kuinua mbele ya siti

Kama baada ya hapo mteremko bado unazidi digrii 2, geukia sehemu siti inapotua kwenye fremu. Siti nyingi zina ulimi mbele unaoingia kwenye mshikio, na vipira chini vinavyoibeba. Ukiongeza unene wa milimita 8 chini ya vipira vya mbele, kwa siti ambayo umbali kati ya vipira vya mbele na vya nyuma ni sentimita 45, umepata digrii moja. Tumia vipande vya mpira mgumu, si mbao wala sponji. Usizidi milimita 10 bila kukagua mambo matatu: ulimi umeingia wote, kufuli ya nyuma inafunga bila kulazimishwa, na siti haisugui tangi wala kubana nyaya. Siti inayochomoka ukiwa mwendoni ni ajali, kwa hiyo ivute kwa nguvu kila upande kabla ya kuwasha.

Baadhi ya pikipiki za safari zina siti yenye nafasi mbili za kimo, na chache huruhusu mbele iwekwe juu huku nyuma ikibaki chini. Fanya hivyo ikiwa tu kitabu kinaruhusu.

Hatua hizi mbili, springi na vipira, humalizika kwa nusu siku. Safiri nazo walau saa tatu mfululizo kabla ya kuamua kuhusu sponji. Uondoe na ule mto wa jeli, maana utakuchanganyia matokeo.

Sasa sponji

Siti inayobonyea kwa raha ukiijaribu dukani ndiyo mara nyingi inayotesa barabarani. Mifupa ya kukalia ni midogo na inabeba sehemu kubwa ya uzito. Katika sponji laini inazama mpaka inakutana na bamba, na damu inakosa njia kwenye nyama iliyobanwa katikati. Sponji ngumu kiasi huizuia mifupa isizame, hivyo makalio yote na sehemu ya nyuma ya mapaja yanashiriki kubeba. Ukiikalia kwa mara ya kwanza utadhani ni ngumu mno. Usiihukumu siku hiyo.

Kujua kama yako imelala, bonyeza kwa ngumi pale unapokalia ukitumia uzito wa mwili wote. Ukilisikia bamba, imekwisha au ni nyembamba.

Unaponunua, usichanganye uzito wa sponji na ugumu wake. Uzito, yaani kilo kwa kila mita ya ujazo, hueleza itadumu kiasi gani, na ugumu ni kipimo kingine kabisa. Sponji ya kawaida ya godoro yenye chini ya kilo 30 haifai, itanyauka upesi. Kwa tabaka la chini tafuta ile iliyotengenezwa kwa vipande vilivyosagwa na kubanwa pamoja, yenye rangi mchanganyiko, kilo 100 hadi 140. Juu yake weka sponji inayoruka upesi ikiachiwa, ya kilo 50 hadi 60, unene wa sentimita 1.5 hadi 2. Sponji ile inayobaki na alama ya mkono ikibonyezwa isizidi tabaka jembamba la juu, kwa sababu baridi huifanya ngumu na joto huifanya ilegee hadi isibebe kitu. Jeli nayo hushika joto: siti ikiachwa juani dakika 20 itakuchoma, na ndiyo maana wanaojua kazi huizika chini ya angalau sentimita moja ya sponji badala ya kuiweka juu kabisa.

Kazi yenyewe inawezekana nyumbani. Kama una uwezo, tafuta siti ya pili iliyotumika uifanyie kazi hiyo, ili ya asili ibaki salama.

Piga picha siti kutoka juu na ubavuni. Toa pini za stepla chini ya bamba kwa bisibisi bapa na koleo, pole pole, maana gamba, yaani kifuniko cha nje cha siti, litahitajika tena. Sponji ikiwa na maji, iache ikauke kabisa kwanza, kwa kuwa gundi haishiki unyevu. Rudisha siti isiyo na gamba kwenye pikipiki, paka chaki nyuma ya suruali yako ya safari, kaa katika mkao wako wa kawaida, inuka wima bila kuburuta. Alama mbili nzito zitakuonyesha mifupa inapotua. Zizungushie kalamu na uongeze sentimita 4 kila upande. Hilo ndilo eneo la kushughulikia, na kwa watu wengi linageuka kuwa nyuma zaidi ya walivyodhani.

Kata humo mfuko wa kina cha sentimita 2 hadi 3, ukiacha walau sentimita 2 za sponji ya asili juu ya bamba. Kisu kirefu chenye meno madogo au kile cha umeme cha kukatia mkate hufanya kazi safi. Usitumie waya wa moto, maana moshi wa sponji inayoungua ni sumu. Jaza mfuko kwa sponji ngumu iliyokatwa milimita 2 au 3 pana zaidi ya shimo ili ijibane yenyewe. Gundi ya viatu ipakwe nyembamba pande zote mbili, subiri dakika 5 hadi 10 mpaka isinate kidoleni, ndipo ubandike, kwa sababu haikupi nafasi ya kusogeza. Ipake kwenye kingo tu. Gundi nene katikati hukauka ikawa utando mgumu, na baada ya saa tatu utauhisi chini ya mfupa. Fanya haya mahali penye hewa, mbali na moto.

Kama mteremko haujaisha, huu ndio wakati wa kuumaliza: ongeza kabari mbele badala ya kuchimba nyuma. Kuchimba nyuma kunasawazisha pia, lakini kunapunguza sponji pale pale inapohitajika zaidi. Kabari ianze na unene sifuri unapokalia na kufikia labda sentimita 2 karibu na tangi. Kisha lainisha kingo za pembeni zishuke kwa mviringo, la sivyo mapaja yatasukumwa nje na miguu haitafika chini vizuri. Kwa urefu wako una nafasi, lakini jaribu ukiwa umevaa viatu vya safari. Katikati ya pua unaweza kuacha mfereji mpana wa sentimita 4 na kina cha sentimita 1 kupunguza mgandamizo wa msamba. Usiuchimbe zaidi, kwa kuwa kingo za mfereji wenye kina nazo hubana.

Umbo la mwisho hutengenezwa kwa grenda yenye msasa namba 36 au 40, ukigusa kidogo kidogo, na barakoa usoni. Halafu funika kwa tabaka la juu.

Watu wengi huharibu kazi hapa kwa haraka ya kupigilia gamba. Rudisha gamba kwa pini sita au nane tu na uende kilomita 100 hadi 150. Ukirudi, toa au ongeza milimita 5 pale panaposumbua, uende tena. Tofauti ya milimita 5 inasikika wazi baada ya saa mbili.

Ukiridhika, weka karatasi nyembamba ya nailoni kati ya sponji na gamba, kwa kuwa mishono hupitisha maji na sponji iliyolowa hukaa mbichi kwa siku kadhaa. Pasha gamba kwa jua au draya ya nywele lilegee. Piga pini mbele katikati, kisha nyuma katikati, kisha pembeni ukianzia katikati kwenda kwenye kona, ukivuta sawasawa. Pini ziwe za chuma kisichoshika kutu, milimita 6. Za milimita 10 zinaweza kutokeza kwenye kingo na kutoboa gamba. Gamba likivutwa mno litaibana sponji na kuigeuza ngumu, na jitihada yote itapotea. Mshono wowote usipite pale kwenye alama za chaki.

Sponji mpya hulegea kidogo katika kilomita 1,000 za mwanzo, hivyo usirudie kuikata kabla ya hapo.

Mambo mengine yanayobeba uzito

Vikanyagio vikiwa juu mno, magoti yanapanda, mapaja yanaachana na siti na mzigo wote unarudi kwenye mifupa miwili. Kuvishusha sentimita 2 au 3 kunasaidia sana watu warefu, ila itabidi urekebishe kanyagio la breki na la gia, na ukumbuke kwamba vitagusa lami mapema zaidi kwenye kona. Usukani nao: mikono ikinyooka kabisa, unajivuta mbele bila kujua. Viwiko viwe vimekunjwa kidogo. Ukiuinua kwa milimita 20 hadi 30, zungusha usukani hadi mwisho pande zote mbili na uhakikishe waya za klachi, gesi na mpira wa breki havivutwi.

Nguo zina mchango mkubwa kuliko wengi wanavyodhani. Chupi ya pamba hushika jasho, ngozi inalainika, kisha mshono unaichubua. Vaa ya kitambaa kinachokauka upesi, isiyo na mshono chini. Suruali ya jinzi ina makutano manne ya mishono katikati ya msamba, mahali pabaya kuliko pote. Toa pochi mfuko wa nyuma, kwa sababu inapindisha nyonga na kubana mshipa wa fahamu unaoshuka mguuni. Juu ya siti, kitambaa cha wavu mnene kinachopitisha hewa au ngozi ya kondoo hupunguza joto na msuguano kwa gharama ndogo.

Ukitaka mto, mto wa hewa ndio ninaoupendelea kwa safari ndefu, lakini wengi huujaza kupita kiasi. Ujaze, ukae, kisha utoe hewa mpaka mifupa iwe sentimita 1 hadi 1.5 tu juu ya siti. Ukijaa sana unayumba juu yake na hausambazi uzito. Ukipanda milima mirefu hewa iliyomo hutanuka, kwa hiyo ipunguze tena.

Na hata kwenye siti bora, simama kwenye vikanyagio nusu dakika hadi dakika moja kila baada ya dakika 20 au 30, mahali palipo wazi na salama, ili damu irudi. Shuka kila saa moja na nusu hadi mbili. Ganzi ikibaki saa nyingi baada ya safari, au ikaambatana na shida ya kukojoa au udhaifu wa mguu, hilo si suala la siti tena. Nenda kwa daktari.

Siti ya kutengenezewa ina maana endapo umesawazisha mteremko, umejaribu sponji ngumu, na bado bamba lenyewe ni jembamba mno kwa nyonga zako. Ukifika huko, mpe fundi kilo zako na za mkeo, picha yako ya ubavuni ukiwa umekaa na mavazi ya safari, zile digrii ulizopima, na maelezo ya panapouma na baada ya muda gani. Mwombe pia sehemu ya abiria iwe tambarare na isishuke kuelekea kwako, kwa sababu abiria anayeteleza atakusukuma kwenye tangi hata kama siti yako imenyooka.